Mtaalamu Haji kwa Kilio, Huja kwa Jalada
Mwongozo kwa wakazi wa Karagwe na Kyerwa wanaotaka kuhifadhi majengo na maeneo ya kale

Mwishoni mwa mwaka 1861, John Hanning Speke na James Grant walipokelewa na Rumanyika, Omukama (mfalme) wa Karagwe, katika kikale chake, yaani makao ya kifalme, huko Bweranyange. Mwaka 1876 akafika Henry Morton Stanley. Alipoingizwa katika ghala la hazina, nyumba ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi, alikuta humo mabata ya shaba, ng'ombe wa shaba nyekundu na silaha za chuma za kila umbo, akaviandika kimoja kimoja. Kafuro, jirani na hapo, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao kwenye njia ya misafara iliyotoka Unyanyembe kwenda Buganda.

Nyumba zile zilijengwa kwa miti na nyasi, na nyumba ya nyasi isiyoezekwa upya haimalizi miaka mingi. Zilisimama kwa sababu utawala ulikuwa na watu wa kukata nyasi, wa kusuka fito na wa kupanda paani kila zilipochakaa. Utawala wa machifu ulipofutwa Tanganyika mwaka 1963, wajibu huo ulibaki bila mwenyewe. Kinachosalia leo ni ardhi yenye alama, vifaa vilivyotawanyika, kumbukumbu za wazee, pamoja na majengo yaliyokuja baadaye: makanisa, shule, zahanati, mahakama na maghala ya kahawa.

Swali linalorudi kila mara katika vikao vya vijiji ni hili: wataalamu wako wapi? Wapo. Wako Dodoma, Dar es Salaam, Bukoba, Mbarara, Nyanza ya Rwanda na hata Roma, nao wana vyama, vyuo na mitandao inayowaunganisha. Lakini mtandao wa wataalamu hauwezi kushughulikia jengo ambalo haujui kama lipo, lina umri gani, ni la nani na limeharibika wapi. Kijiji kinachoandika "jengo letu la kihistoria linaanguka, tusaidieni" hujibiwa kwa maswali, kikijibiwa. Kijiji kinachopeleka jalada lenye picha, vipimo, historia, ramani na muhtasari wa mkutano wa wenyewe kimeshamrahisishia mtaalamu nusu ya kazi. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuliandaa jalada hilo, nani wa kupelekewa, na la kufanya wakati jibu bado liko njiani.

TUNAHIFADHI NINI?

Kabla ya kumtafuta mtu yeyote, kubalianeni mnahifadhi nini. Katika wilaya hizi mbili, ambazo zilikuwa moja hadi Kyerwa ilipopewa wilaya yake mwaka 2012, kuna mafungu matano.

La kwanza ni maeneo ya utawala wa kale: vikale, makaburi ya Abakama, na mahali palipotunzwa ngoma na vifaa vya ufalme. Bweranyange ndiko kunakojulikana zaidi. Vifaa vya chuma vya Karagwe, wakiwemo ng'ombe wa chuma na nyundo kubwa mfano wa fuawe, ambavyo mapokeo huvihusisha na Ndagara, baba yake Rumanyika, vimeandikwa na watafiti kwa miaka mingi. Atakayeanza kazi hii atafute kwanza kitabu cha Israel Katoke kuhusu ufalme wa Karagwe, kilichotoka mwaka 1975. Kimepanga vizazi vya watawala na majina ya mahali, na kitawaepusha kuanza upya kazi iliyokwisha kufanywa.

La pili ni njia na vituo vya biashara kama Kafuro. Hapa hakuna kuta za kupigia picha. Kuna viwanja, miti mikubwa ya zamani, vigae na shanga vinavyoibuka shambani wakati wa kulima. Ndiyo maeneo yanayopotea upesi zaidi, kwa kuwa trekta moja au msingi wa nyumba moja unatosha kuyafuta.

La tatu ni majengo ya dini, elimu, afya na utawala wa kikoloni. Mengi ni ya matofali ya kuchoma au mawe, yenye paa la bati lililobadilishwa zaidi ya mara moja. Mengi yana mwenyewe anayejulikana: Dayosisi ya Karagwe ya KKKT, Jimbo Katoliki la Kayanga lililoundwa mwaka 2008, au halmashauri. Tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilipasua kuta nyingi mkoani Kagera, na nyufa nyingine zilifunikwa kwa lipu bila kuchunguzwa.

La nne ni majengo ya kazi: maghala ya vyama vya msingi vya kahawa, vituo vya zamani vya ununuzi, na mabaki ya uchimbaji wa madini ya bati Kyerwa wa zama za mkoloni. Watu huyapita kila siku bila kuyahesabu kuwa ni historia, hali ndiyo yanayoeleza jinsi babu zao walivyopata fedha ya kodi na karo.

La tano ni ujuzi, na mushonge, nyumba ya nyasi ya mviringo, uko hapa. Anayejua kuchagua nyasi, kupinda fito za duara la juu na kufunga tabaka kwa tabaka hadi paa liguse chini ni hazina kuliko nyumba yenyewe, kwa sababu nyumba hujengwa tena akiwapo yeye. Fungu hili lina pia wafua chuma, watengeneza ngoma na wasusi, na maeneo ya asili yenye historia ya watu, kama chemchemi za maji moto za Mtagata huko Kyerwa, ambazo Stanley naye alizitembelea na kukuta wagonjwa wakioga.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria kuu ya Tanzania Bara ni Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Inafuatwa na Sera ya Malikale ya mwaka 2008. Kwa mwanakijiji, mambo manne yanatosha kuanzia.

Kwanza, jengo, kaburi, handaki, kisima, barabara au kazi nyingine ya mikono iliyofanywa kabla ya mwaka 1863 ni kumbukumbu inayolindwa na sheria kwa umri wake tu. Hapo ndipo safari ya Speke inapopata kazi mpya. Aliikuta Bweranyange ikiwa makao ya Omukama mwaka 1861, akaandika, na kitabu chake kikachapishwa. Kijiji kinachotetea eneo hilo kina ushahidi wa maandishi kwamba lilikuwapo kabla ya mstari uliochorwa na sheria. Nakili ukurasa unaohusika, uweke kwenye jalada.

Pili, jengo la baada ya 1863, kwa mfano kanisa la misheni au mahakama ya zamani, halilindwi kwa umri wake pekee. Waziri mwenye dhamana anaweza kulitangaza kuwa kumbukumbu, na tangazo hilo hutanguliwa na maelezo yanayoeleza thamani yake. Maelezo hayo ndiyo jalada tunalolizungumzia.

Tatu, hairuhusiwi kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, hata kama shamba ni lako. Ukikutana na kitu kwa bahati wakati wa kulima au kujenga, kiache kilipo, weka alama, kisha toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji.

Nne, vitu vya asili vya kabila navyo vina ulinzi wake. Anayekuja na gari kununua vigoda, mikuki na ngoma za zamani ili avitoe nje ya nchi bila kibali anavunja sheria, na anayemuuzia anaweza kujikuta mashakani pamoja naye.

Zaidi ya sheria hiyo, kijiji kina nguvu yake mwenyewe. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kutenga eneo katika mpango wa matumizi ya ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo. Kwa eneo dogo ambalo halitafikia kutangazwa kitaifa, ulinzi wa aina hii ndio wa haraka kuliko wote.

Jambo moja la mipaka: mwaka 2019 mapori ya akiba ya Rumanyika na Ibanda yalipandishwa hadhi kuwa Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Eneo la kale likiwa ndani ya hifadhi, kuingia na kufanya chochote humo ni kwa idhini ya TANAPA. Anzeni mazungumzo nao kabla ya kumleta mgeni.

MITANDAO: KUANZIA MLANGONI HADI MBALI

Kosa la kawaida ni kuanza na UNESCO. Anzeni karibu. Kila ngazi hutaka kuona kwamba ya chini yake inafahamu.

Wilayani. Afisa utamaduni wa halmashauri, ofisi zikiwa Kayanga kwa Karagwe na Rubwera kwa Kyerwa, ndiye mlango. Afisa ardhi atawasaidia kujua mipaka na umiliki, na mhandisi wa ujenzi anaweza kuliangalia jengo na kusema kama ni hatari kwa watu. Redio za jamii, kama FADECO ya Karagwe, ni njia nzuri ya kuwapata wazee wanaojua habari na familia zenye picha za zamani.

Mkoani. Nendeni Katuruka, Bukoba Vijijini. Ndipo mwanaakiolojia Peter Schmidt alipochimba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na utafiti wake ukaonyesha kuwa watu wa Buhaya walifua chuma tangu miaka zaidi ya 2,000 iliyopita. Kwa mtu wa Karagwe, funzo la Katuruka ni utaratibu. Miongo kadhaa baada ya watafiti kuondoka, wanakijiji wenyewe waliamua kulitunza eneo, kuwapokea wageni na kusimulia historia yake. Waulizeni waligawanaje kazi, mapato na ugomvi. Bukoba mjini pia kuna Kagera Museum, ambako mtaona jinsi vifaa vya nyumbani vinavyopangwa na kuwekewa maelezo.

Kitaifa. Idara ya Mambo ya Kale katika Wizara ya Maliasili na Utalii ndiyo yenye mamlaka ya leseni, ukaguzi na mapendekezo ya kutangaza kumbukumbu. Makumbusho ya Taifa yana wahifadhi wa vifaa, na Kijiji cha Makumbusho kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1967 kina uzoefu wa muda mrefu wa kutunza nyumba za asili za makabila mbalimbali, ambazo nyasi zake huoza na miti yake huliwa na mchwa kama za kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha akiolojia na urithi, na Chuo Kikuu Ardhi hufundisha ubunifu majengo. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuwapimia na kuwachorea jengo zima kwa gharama ya malazi na chakula. Mkihitaji mbunifu wa kulipwa, hakikisheni amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Kituo cha DARCH, kilichomo ndani ya Boma la Kale jijini Dar es Salaam, ni mahali pa kuona jengo la miaka ya 1860 lililokarabatiwa na kupewa kazi mpya.

Kwa majirani. Kyerwa inapakana na Uganda na Rwanda, na kutoka Murongo mji wa Mbarara uko karibu zaidi kuliko Dar es Salaam. Mapokeo ya Karagwe na ya ufalme wa Nkore, Uganda, yote yanamtaja mtawala Ruhinda, na Mnyambo na Mnyankole husikilizana bila mkalimani. Karibu na Mbarara kuna Igongo Cultural Centre, yenye makumbusho ya utamaduni wa eneo hilo. Uganda kuna pia chama cha makumbusho ya jamii, UCOMA, kinachowaunganisha watu binafsi na vikundi waliofungua makumbusho madogo vijijini, na shirika la Cross-Cultural Foundation of Uganda, lililoanzishwa mwaka 2006, ambalo limeorodhesha majengo ya kihistoria na kuyapigania yasibomolewe. Rwanda, Taasisi ya Urithi wa Utamaduni inatunza kikale cha Nyanza, pamoja na nyumba kubwa ya nyasi iliyojengwa kwa mtindo wa kale. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ibara ya 119, unataja wazi ushirikiano katika kuhifadhi urithi wa utamaduni, kwa hiyo barua ya halmashauri kwenda kwa majirani ina pa kusimamia.

Mwenye mushonge anapaswa kujua habari ya Kasubi. Makaburi ya Wafalme wa Buganda yaliyoko Kasubi, Kampala, yaliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Machi 16, 2010, nyumba kuu ya nyasi iliteketea kwa moto. Kuijenga upya kulichukua zaidi ya miaka 10, na Kasubi ikatoka katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023 tu. Fedha za nje zilipatikana, zikiwemo za Japani kwa ajili ya kinga ya moto, lakini kazi ya kuezeka ilihitaji mikono yenye ujuzi, na kwa Waganda ujuzi huo ni wa ukoo wa Ngeye. Ukoo usingekuwa umerithisha, fedha zingekaa benki. Kwa hiyo, mnapoorodhesha majengo, orodhesheni na mafundi: jina, kijiji, alijifunza kwa nani, na anamfundisha nani.

Barani na duniani. Kati ya 1998 na 2009, programu ya AFRICA 2009 iliyoendeshwa na ICCROM, Kituo cha Urithi wa Dunia cha UNESCO na CRAterre ilifundisha wahifadhi wa majengo na maeneo kutoka nchi nyingi za Afrika. Kozi za Kiingereza zilifanyika Mombasa na za Kifaransa Porto-Novo, Benin. Kupitia mafunzo kama hayo, mhifadhi wa Tanzania humjua mwenzake wa Kenya au Zimbabwe kwa jina, na swali lenu likimfikia mmoja linaweza kufika kwa wengine.

Mtandao mwingine ni ICOMOS, ulioanzishwa mwaka 1965. Ni wa wataalamu wa majengo na maeneo ya kale, na kazi yake ni ushauri. Hautoi fedha za ukarabati. ICCROM yenye makao Roma hufundisha na kuchapisha vitabu vya kazi, kikiwemo cha mwaka 2018 kuhusu huduma ya kwanza kwa urithi wakati wa maafa, kinachopatikana bure mtandaoni. CRAterre ya Grenoble, Ufaransa, ni mabingwa wa majengo ya udongo. Mfuko wa Urithi wa Dunia wa Afrika, ulioanzishwa mwaka 2006, hushughulika hasa na maeneo yaliyo katika orodha ya Urithi wa Dunia au yanayoandaliwa kuingia humo, kwa hiyo msitumie nguvu zenu za kwanza kuuandikia. Kwa ujuzi wa mikono kama kuezeka na kufua chuma, British Museum ina programu iitwayo Endangered Material Knowledge Programme, iliyoanza mwaka 2018, inayofadhili kurekodi ufundi unaotoweka. Balozi za Marekani na Ujerumani nazo zimekuwa na mifuko ya kuhifadhi urithi. Mifuko hii hufunguliwa na kufungwa, na masharti hubadilika; ulizeni kwanza kama dirisha la mwaka huu liko wazi, kisha ndipo mwandike.

JALADA: HATUA SABA

1. Pateni idhini ya mwenyewe. Kanisa lina askofu na halmashauri ya usharika au parokia, kaburi lina ukoo, ghala lina chama cha msingi. Bila sahihi ya mwenye mali, kila kinachofuata ni bure.

2. Undeni kamati ndogo. Watu watano hadi saba wanatosha: mzee mwenye kumbukumbu, fundi, mwalimu, kijana mwenye simu nzuri, mwakilishi wa mwenye mali na mtu wa serikali ya kijiji. Wanawake wawemo. Mengi kuhusu mpangilio wa ndani ya mushonge, maziwa na nyasi za sakafuni yako kwao.

3. Pigeni picha kwa mpango. Pande nne za nje, kila chumba kutoka pembe mbili, paa kwa ndani, msingi, milango, madirisha, kila ufa. Kwenye picha ya ufa weka rula au kalamu ili ukubwa uonekane. Andika tarehe. Hifadhi nakala mahali pawili.

4. Pimeni. Urefu, upana, kimo cha ukuta, unene wa ukuta, ukubwa wa tofali. Mchoro wa mkono wenye vipimo sahihi ni bora kuliko mchoro mzuri wa kompyuta uliokisiwa. Chukueni na majira ya nukta kwa simu.

5. Kusanyeni historia. Tofautisheni vitu vitatu: kilichoandikwa (daftari la ubatizo, muhtasari wa chama, jiwe la msingi), alichokiona msimulizi mwenyewe, na alichosimuliwa. Vyote vina thamani, lakini visichanganywe. Andika jina la msimulizi kwa ridhaa yake, na tarehe ya mazungumzo.

6. Elezeni hali. Kinachovuja, kilichooza, kilichoongezwa baadaye. Toeni kipaumbele kwa namba: 1 ni hatari kwa watu, 2 ni uharibifu unaoendelea, 3 ni matengenezo ya kawaida.

7. Pelekeni kwenye mkutano wa kijiji. Muhtasari uliosainiwa na kugongwa muhuri uingie kwenye jalada. Karatasi hii huonyesha mfadhili na mtaalamu kwamba jengo lina watu watakaolitunza yeye akishaondoka.

Ukurasa mmoja wa jalada unaweza kusomeka hivi, kwa mfano wa kubuni: "Nyumba ya mwalimu, shule ya msingi. Matofali ya kuchoma, udongo katikati ya matofali, lipu ya saruji kwa nje iliyopigwa baadaye. Paa la bati, kenchi za miti ya mviringo. Ukuta wa kaskazini: ufa wima kuanzia kona ya dirisha hadi kwenye boriti, upana milimita 6 juu na milimita 2 chini. Lipu imebanduka kimo cha goti na tofali lililo nyuma yake linamomonyoka kwa kidole. Gata hakuna. Maji ya paa huanguka sentimita 40 kutoka kwenye msingi. Kipaumbele: 2." Mhandisi akisoma hayo akiwa Dodoma tayari anaanza kufikiria: ufa ulio mpana juu huenda unaashiria kona inayoshuka, na tofali linalooza kimo cha goti linaashiria maji yanayopanda kutoka chini.

BARUA IENDE HIVI

Mkurugenzi, Idara ya Mambo ya Kale,
Wizara ya Maliasili na Utalii.

K.K. Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya ........

Yah: OMBI LA UKAGUZI WA JENGO LA KALE, KIJIJI CHA ........

Husika na somo tajwa hapo juu. Mkutano mkuu wa kijiji uliofanyika tarehe ........ uliazimia kulitunza jengo la ........ linalomilikiwa na ........, ambaye ameridhia. Tunaomba mambo mawili: (i) mtaalamu alikague na kutushauri kuhusu matengenezo ya dharura, (ii) tuelekezwe utaratibu wa kulipendekeza kulindwa kisheria. Kijiji kitagharamia ........ Tumeambatisha picha, vipimo, historia, ramani na muhtasari wa mkutano.

Barua isizidi ukurasa mmoja. Ombi la mambo mawili hujibika. Ombi la mambo kumi huwekwa kando. Sentensi ya "kijiji kitagharamia" msiiache wazi, hata kama mnachoweza ni malazi, chakula na vibarua wa kufyeka. Nakala ipelekwe kwa afisa utamaduni, nanyi mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

KABLA MTAALAMU HAJAFIKA

Maji ndiyo adui wa kwanza. Fyekeni mita moja kuzunguka jengo, chimbeni mfereji wa kupeleka maji mbali na msingi, rudisheni bati lililofunuka, zibeni tundu la paa hata kwa turubai. Kazi hizi hazihitaji kibali cha kitaalamu na huweza kuliongezea jengo miaka.

Msipige lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo au wa matofali laini. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu vizuri; maji yaliyomo ukutani hushindwa kutoka, tofali huoza ndani kwa ndani na lipu huja kubanduka na ngozi ya ukuta. Udongo uzibwe kwa udongo, chokaa kwa chokaa.

Msing'oe milango, madirisha wala vigae vya zamani ili kuweka vya alumini. Kilichokwisha kung'oka kihifadhiwe ndani kikiwa na lebo.

Ufa utegwe. Bandikeni kipande cha kioo au plasta nyembamba juu yake, andikeni tarehe. Kikipasuka, jengo bado linasogea, na taarifa hiyo ni ya thamani kwa mhandisi. Kama ukuta umeinama au paa limelegea, wazuieni watu wasiingie. Hapo usalama unatangulia historia.

Kwenye mushonge, moto wa ndani uangaliwe. Moshi hufukuza wadudu na kukausha nyasi, na ndio sababu nyumba yenye watu hudumu kuliko iliyofungwa. Lakini pawe na mchanga na maji mlangoni, na nyaya za umeme zisipitishwe kwenye nyasi.

TAHADHARI TATU

Ya kwanza ni wasaka "mali za Mjerumani". Huja usiku wakiwa na mashine za kutambua chuma, ramani za kughushi na hadithi za rupia na dhahabu. Wanachoacha ni makaburi yaliyofukuliwa na misingi iliyopasuliwa. Msiwape wenyeji wa kuwaongoza. Toeni taarifa kwa mtendaji na polisi.

Ya pili ni mgeni mwenye haraka. Mtafiti halali ana kibali, barua ya utambulisho na taasisi inayojulikana. Mwombeni nakala. Mkubaliane kwa maandishi kwamba picha, ramani na rekodi za wazee zitarudi kijijini. Habari nyingi za Karagwe ziko kwenye maktaba za mbali kwa sababu hakuna aliyezidai.

Ya tatu ni siri. Si kila kitu ni cha kuonyeshwa. Makaburi na mahali pa matambiko yana wenyewe na miiko yake. Jalada linaweza kuwa na sehemu mbili: ya wazi, na ya ukoo isiyotoka bila ruhusa. Mtaalamu makini ataheshimu hilo.

ANZENI LINI?

Juni hadi Agosti mvua huwa zimepungua, barabara zinapitika na nyasi zimelala, kwa hiyo picha na vipimo hufanyika vizuri. Mkianza Juni, Julai inatosha kwa historia na michoro, na Agosti jalada linaweza kuingia kwenye mkutano wa kijiji. Barua itoke mwanzoni mwa Septemba, na kazi ya mifereji na mapaa iwe imekamilika kabla ya mvua za vuli kushika kasi. Halmashauri huanza kupanga bajeti ya mwaka unaofuata miezi michache baadaye. Hata fungu dogo la matengenezo ya kumbukumbu moja huingizwa kwa urahisi zaidi kama diwani anashika karatasi mkononi. Chagueni jengo moja tu mwaka huu, mlimalize, na jalada lake liwe kielelezo cha la pili.